Gesi badala ya petroli katika gari la turbo: Hesabu hutangulia fundi

WAHENGA walinena kuwa rahisi inavunja upishi. Methali hiyo yafaa kukumbukwa na kila mwenye gari anayewazia kuiacha petroli na kuingia gesi ya LPG, ambayo wengi wetu tumeizoea jikoni. Bei ya petroli jijini Nairobi ilipofika Sh217.36 kwa lita mnamo Oktoba 2023, wamiliki wengi wa magari walianza kuulizia njia mbadala, na gesi ikawa miongoni mwa zilizotajwa sana. Walio na magari ya turbo waliambiwa mambo mawili yanayokinzana: wengine kwamba gesi huiua turbo, na wengine kwamba turbo na gesi ni chanda na pete.

Ukweli ni kwamba gesi huweza kuifaa sana injini ya turbo, ila haisamehe kazi mbovu. Pia faida yake haitegemei injini pekee. Inategemea umbali wa kituo cha gesi, namna ya kazi ya gari na bei halisi ya kilo moja. Makala haya yanaeleza mambo hayo hatua kwa hatua, tukichukua mfano wa mwenye gari aliye Laare, mji wa soko katika eneobunge la Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru.

Laare si mfano uliochaguliwa kibahati. Mji huo umo katikati ya nchi ya miraa, kwenye Milima ya Nyambene, na miraa ni zao lisilongoja. Majani yake hupoteza nguvu katika muda wa siku mbili hivi baada ya kuchumwa, na kwa sababu hiyo magari yanayoyabeba hukimbizana na saa kuelekea Nairobi, hasa Uwanja wa Ndege wa Wilson. Pikapu za Toyota Hilux zilijipatia sifa na lawama katika kazi hiyo, na baadaye magari madogo kama Toyota Probox yakajiunga nazo. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mnamo Juni 2014, na Somalia ilipoifungia ile ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, mapato yalipungua huku gharama ya mafuta ikisalia pale pale. Katika biashara ya namna hiyo, shilingi 4 kwa kila kilomita si jambo dogo.

LPG ni kitu gani?

LPG ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani, ambazo hupatikana katika uchimbaji wa mafuta na gesi asilia na pia katika usafishaji wa mafuta ghafi. Sifa yake kuu ni kwamba hugeuka kuwa maji inapotiwa shinikizo la wastani, takriban mara 5 hadi 10 ya shinikizo la kawaida la hewa. Kwa sababu hiyo kiasi kikubwa chake huweza kubebwa katika tangi dogo la chuma. Shinikizo likipungua, maji hayo huchemka na kurudi kuwa gesi: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sufuri, na butani karibu na sufuri yenyewe.

Msomaji asiichanganye LPG na gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, inayotumiwa na magari na bajaji nyingi jijini Dar es Salaam. Gesi ya Tanzania hutoka hasa ardhini, katika visima kama vya Songo Songo, ambako uzalishaji ulianza mwaka wa 2004. Hiyo ni methani, nayo huhifadhiwa katika mitungi minene kwa shinikizo la takriban mara 200 ya lile la hewa. Matangi na vifaa vya CNG havifanani na vya LPG, na havibadilishani. Anayerudi kutoka Dar akisifu alivyookoa fedha kwa gesi hazungumzii gesi hii.

Kenya haina visima vinavyotoa gesi ya kuuzwa. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiache kazi hiyo mnamo 2013, LPG yote inayotumiwa nchini huagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa huteremshwa Mombasa. Kwa hivyo bei yake hufuata soko la dunia, thamani ya shilingi na kodi, sawa na ilivyo kwa petroli.

Turbo hufanya nini?

Injini huchoma mafuta kwa hewa, na nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha hewa inachoweza kuvuta. Turbo ni pangaboi mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moja husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huizungusha ya pili inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hivyo injini ndogo hupata hewa ya injini kubwa.

Wakazi wa nyanda za juu wana sababu zaidi ya kuithamini turbo. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambao ndio wa Nairobi, shinikizo la hewa huwa takriban asilimia 18 chini ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali ya turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Dereva anayepanda kutoka bonde la mto Nithi kuelekea Meru akiwa na mzigo huisikia tofauti hiyo bila kuelezwa.

Lakini kushindilia hewa kuna gharama. Hewa iliyoshindiliwa huwa na joto, na joto likizidi ndani ya silinda, mafuta huweza kujilipukia kabla ya wakati wake. Mafundi huita hali hiyo kugonga kwa injini. Mgongo huo, ukidumu, hutoboa pistoni. Kipimo cha uwezo wa mafuta kustahimili hali hiyo huitwa oktani.

Kwa nini gesi huipendeza turbo

Hapa ndipo sifa ya gesi ilipo. Propani ina oktani ya takriban 110, wakati petroli za kawaida huwa kati ya 91 na 95. Injini ya turbo inayotumia gesi yenye propani nyingi haigongi kwa urahisi hata inapobeba mzigo mzito mlimani. Isitoshe, gesi huchanganyika vizuri na hewa, haioshi mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda, na huacha masizi machache. Hewa ukaa inayotoka kwa kila kilomita pia hupungua kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na petroli.

Hata hivyo, butani haina sifa sawa na propani. Oktani yake ni takriban 94 tu. Katika nchi za joto, wauzaji wa gesi ya jikoni huweza kutia butani nyingi kwa kuwa hakuna baridi ya kuizuia isichemke. Kwa hivyo mwenye gari asiamini kwamba kila LPG ina oktani 110, wala asikubali fundi aongeze msukumo wa turbo au abadilishe muda wa cheche kwa dhana hiyo. Atakayefanya hivyo kabla ya kujua mchanganyiko wa gesi anayouziwa anaichezea injini bahati nasibu.

Gesi hulipunguzia gari umbali pia. Lita moja ya LPG hubeba takriban robo tatu ya kawi iliyo katika lita moja ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita ya petroli litakwenda takriban kilomita 8 kwa lita ya gesi. Hilo si kosa la fundi. Ndilo umbile la gesi yenyewe.

Turbo zote si sawa

Kabla ya jambo lingine lolote, mwenye gari ajue kama turbo yake imo katika injini ya petroli au ya dizeli. Pikapu na malori mengi yanayobeba mizigo Nyambene ni ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi. Huyachoma mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. LPG, kwa sababu ya ile ile oktani yake kubwa, haiwaki kwa njia hiyo. Kwa hivyo dizeli haiwezi kuendeshwa kwa gesi pekee. Kuna mitambo inayochanganya gesi kidogo na dizeli, lakini hiyo ni kazi tofauti, yenye faida ndogo na hatari yake ya kugonga. Anayeahidi kuigeuza Hilux ya dizeli kuwa ya gesi kwa kubadilisha bomba na tangi tu hasemi kweli.

Mfano wa Korea Kusini unalithibitisha hilo. Kampuni ya Hyundai ilipoacha dizeli katika pikapu yake ndogo ya Porter mwishoni mwa 2023, haikuibadilisha injini ya zamani. Iliweka injini nyingine ya gesi ya lita 2.5 yenye turbo na plagi, inayopuliziwa LPG ikiwa bado maji. Barani Ulaya nako, Dacia ilianza mwaka wa 2020 kuuza magari yenye injini ndogo ya turbo ya lita 1.0 iliyoundwa kutumia petroli na LPG. Magari hayo yanaonyesha kwamba turbo na gesi huweza kuishi pamoja, mradi injini na vifaa viwe vimeandaliwa kwa kazi hiyo.

Miongoni mwa magari ya petroli yenye turbo yaliyo mengi barabarani Kenya, kuna makundi mawili. La kwanza ni la injini zinazopulizia petroli katika njia ya hewa, nje ya silinda, kama Subaru Forester za turbo za miaka ya 2000. Hizi ndizo rahisi kufungiwa gesi. La pili ni la injini zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama Forester za turbo za kizazi kilichoanza mwaka wa 2012 na Volkswagen zenye alama ya TSI. Katika kundi hili injekta za petroli zimo ndani ya moto, na hupozwa na petroli inayopita ndani yake. Zikizimwa kabisa, huungua au kuziba. Kwa sababu hiyo mitambo mingi iliyoundwa kwa injini hizi huendelea kupulizia petroli kidogo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20, hata gari linapotembea kwa gesi. Mitambo yake ni ghali zaidi na akiba yake ni ndogo zaidi. Fundi asiyeuliza swali hili kabla ya kutaja bei hafai kupewa kazi.

Mtambo unavyofanya kazi

Tangi la gesi la gari si mtungi wa jikoni. Mtungi wa jikoni hutoa gesi kutoka juu, ilhali tangi la gari hutoa maji ya gesi kutoka chini. Lina vali inayokomesha ujazaji linapofika asilimia 80 ili kuacha nafasi ya kutanuka kwa joto. Pia lina vali ya kupunguza shinikizo likizidi, na nyingine inayojifunga bomba likikatika. Kufunga mtungi wa jikoni wa kilo 13 kwenye gari ni kuyatupa mambo hayo yote, na ni kualika maafa.

Kutoka kwenye tangi, gesi hupita katika bomba hadi kwenye rejuleta iliyo karibu na injini. Humo hugeuzwa kutoka maji kuwa gesi. Kugeuka huko hunyonya joto jingi, na joto hilo huletwa na maji ya rejeta. Ndiyo maana gari huwashwa kwa petroli kwanza, na huhamia gesi baada ya maji ya injini kupata moto. Wanaotembea mwendo mfupi mfupi sokoni watakuta kwamba bado wanachoma petroli nyingi. Turbo ikivuta gesi nyingi kuliko uwezo wa rejuleta kuipasha moto, rejuleta huganda na injini hukosa nguvu, hivyo ni lazima ukubwa wake ulingane na nguvu za injini.

Kisha gesi huchujwa na kupuliziwa katika njia ya hewa ya kila silinda kwa zamu yake, kwa amri ya kompyuta ndogo inayosoma amri za kompyuta ya petroli. Mtambo wa kale, uliomwaga gesi katika bomba moja la hewa mithili ya kabureta, haufai kwa turbo za kisasa. Huujaza mfumo mzima wa hewa gesi inayoweza kulipuka, na mlipuko huo huvunja mabomba ya hewa na vipimo vyake.

Siri kubwa ya turbo ipo katika kibomba kimoja chembamba cha mpira. Gesi husukumwa kuingia katika njia ya hewa kwa tofauti ya shinikizo. Katika injini isiyo na turbo, shinikizo la njia ya hewa halizidi la nje. Katika ya turbo, hewa iliyoshindiliwa huirudisha gesi nyuma. Kibomba hicho huiunganisha rejuleta na njia ya hewa ili shinikizo la gesi lipande kila turbo inaposukuma. Kikisahauliwa, kikipasuka au kikitolewa mahali pasipofaa, gesi hupungua wakati injini inapoihitaji zaidi. Hewa huwa nyingi, gesi chache, na joto la silinda hupanda ghafla. Dereva huenda asisikie kitu hadi pistoni iyeyuke au valvu iungue.

Aidha, injekta za gesi ziwe na uwezo wa kutosheleza injini inapotoa nguvu zake zote, na plagi ziwe mpya na zenye mwanya usiozidi ule uliotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa gesi iliyoshindiliwa huhitaji cheche yenye nguvu zaidi. Viti vya valvu navyo vichunguzwe. Gesi haina umajimaji wa kuvilinda, na baadhi ya injini za Kijapani zina viti laini vinavyolika mapema. Injini zisizojirekebisha zenyewe zipimwe nafasi za valvu mara kwa mara.

Upimaji wa kazi hiyo haukamiliki gari likiwa limesimama karakanani. Fundi mwema huliendesha gari likiwa na mzigo, kwenye mlima, kompyuta ikiwa imeunganishwa, na kulinganisha mchanganyiko wa petroli na wa gesi turbo inaposukuma. Asiyeonyesha matokeo hayo hajamaliza kazi, hata kama injini inanguruma vizuri.

Hesabu ya shilingi

Gesi ya jikoni huuzwa kwa kilo, na petroli kwa lita. Hapo ndipo wengi hupotea. Kilo moja ya LPG ina ujazo wa karibu lita 1.85, na hubeba kawi inayolingana na takriban lita 1.4 za petroli. Kwa hivyo njia fupi ya kukadiria ni hii: zidisha bei ya lita ya petroli mara 1.4. Kilo ya gesi ikiuzwa kwa bei hiyo au zaidi, hakuna akiba.

Tuchukue mfano wa petroli ya Sh180. Kilo ya gesi hailipi ikifika karibu Sh250. Mtungi wa kilo 13 unaojazwa kwa Sh3,250 umefika kiwango hicho hasa. Maana yake ni kwamba gesi kwa bei ya rejareja ya jikoni huweza isiwe na faida yoyote kwa gari. Faida huja tu pale gesi inapouzwa kwa bei ya jumla katika kituo cha magari.

Sasa tuchukue gesi ya kituo kwa Sh110 kwa lita, na gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita ya petroli na 8 kwa lita ya gesi. Petroli itagharimu Sh18 kwa kilomita, na gesi Sh13.75. Akiba ni Sh4.25. Ikiwa mtambo na ufundi umegharimu Sh100,000, fedha hizo zitarudi baada ya kilomita 23,500 hivi. Takwimu hizi ni za mfano; kila mtu atie zake.

Kwa anayesafiri kati ya Laare na Nairobi, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 500. Kwa juujuu, safari 47 zinatosha kulipia mtambo. Lakini tuchukue kwamba kituo cha gesi kilicho karibu naye kipo Nairobi. Tangi la lita 60 hujazwa lita 48 tu, kwa ile sheria ya asilimia 80, nazo humpeleka kilomita 384. Atafika Laare, atageuka, na gesi itamwishia njiani akirudi. Kilomita zaidi ya 100 zilizosalia atazitembea kwa petroli. Akiba ya safari hushuka kutoka Sh2,125 hadi Sh1,632, na safari 47 hugeuka kuwa 61. Na hapo hatujahesabu petroli ya kuwashia injini, vichujio vya gesi vinavyobadilishwa kila kilomita 15,000 au 20,000, wala nafasi ya mzigo iliyochukuliwa na tangi.

Kwa mwenye teksi ya turbo anayezunguka Nairobi karibu na kituo, hesabu huweza kuwa nzuri. Kwa aliye Laare anayefika jijini mara moja kwa mwezi, pengine fedha hizo zingefaa zaidi kununua magurudumu na kutengeneza injini ipasavyo.

Kodi nayo huweza kuupindua mlinganyo wote. Ushuru wa thamani wa asilimia 16 uliwekwa kwa gesi ya kupikia Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ukaondolewa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Sheria hiyo hiyo iliupandisha ule wa petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Katika miaka miwili gesi ilitoka kuwa mzigo ikawa nafuu. Anayefunga mtambo kwa matumaini ya miaka mitano ajue kwamba kilichobadilishwa na Bunge huweza kubadilishwa tena.

Usalama na sheria

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu, bali hutambaa chini na kukaa mabondeni, katika mashimo ya kukagulia magari na kwenye vyumba vilivyofungwa. Cheche ndogo hutosha. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika kituo cha kujazia kilichoendeshwa bila leseni mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu kadhaa na kujeruhi zaidi ya 200. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilieleza kuwa maombi ya kibali kwa eneo hilo yalikuwa yamekataliwa. Si kosa la gesi. Ni kosa la kuijaza mahali pasipostahili.

Kwa hivyo mwenye gari asijaze gesi kwa mtu anayehamisha kutoka mtungi hadi mtungi uani, hata awe jirani na bei yake iwe tamu namna gani. Tangi liwe na alama ya kiwango cha kimataifa cha R67 cha Umoja wa Mataifa na tarehe ya kutengenezwa. Likiwa ndani ya buti, vali zake ziwe katika kasha lililozibwa, lenye bomba la kutolea uvujaji nje ya gari. Mabomba yanayopita chini ya gari yakingwe; katika barabara za changarawe za Igembe jiwe moja hutosha kulitoboa lisilokingwa.

Aidha, mabadiliko ya aina ya mafuta huifanya taarifa iliyo katika cheti cha umiliki isilingane na gari. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) inapaswa kuarifiwa, na kampuni ya bima pia, tena kwa maandishi. Gari lililopata ajali likiwa na mtambo usiojulikana na bima huweza kumwacha mwenyewe akilipa peke yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwenye gari la turbo anayeamua kuendelea awe na majibu ya maswali haya. Injini yangu ni ya petroli, na hupulizia ndani au nje ya silinda? Rejuleta na injekta zimepimwa kwa nguvu za injini hii, au ni za gari lolote? Kibomba cha turbo kimeunganishwa wapi? Nani atanionyesha vipimo vya mchanganyiko gari likipanda mlima na mzigo? Kituo cha gesi kilicho na leseni ki umbali gani kutoka ninakolala na ninakofanyia kazi? Mtambo ukiharibika nikiwa Maua au Laare, nani ana kompyuta ya kuufungua?

Baada ya kufungiwa, aweke angalau robo tangi ya petroli wakati wote. Pampu ya petroli huendelea kuzunguka katika magari mengi hata yanapotumia gesi, na hupozwa na petroli hiyo hiyo. Akisikia harufu ya gesi, afunge vali ya tangi, afungue milango, asiguse swichi yoyote, kisha alisukume gari nje likiwa limezimwa. Injini ikionyesha taa ya hitilafu au ikikosa nguvu turbo inaposukuma, arudi kwenye petroli mara moja na asiendelee na safari ya gesi hadi ikaguliwe. Kuchelewesha mzigo wa miraa kwa saa moja ni hasara inayohesabika. Injini iliyoyeyuka pistoni usiku katikati ya safari humkosesha mwenyewe mzigo, gari na kazi ya miezi kadhaa.